Kauli ya Kutendea

Al Khoudh, Jumatatu, saa kumi na moja jioni.
Kiyoyozi kinadondokea ndoo,
na maji ya ndoo nitamwagilia mrehani kabla ya magharibi.
Joris amevua viatu mlangoni bila kuambiwa,
amefungua daftari. Reali tano kwa saa;
chai ya tangawizi haimo kwenye hesabu.

Anahamia Bwejuu.
Kazi yake, anasema, haina mahali:
kampuni iko Rotterdam, bosi yuko Lisbon,
yeye anataka umeme na mtandao tu.
"Kama popo," nikamwambia,
"ndege si ndege, mnyama si mnyama."
Akaandika: popo.

Leo tuko kwenye kauli ya kutendea.
Kuhama, nikamwandikia, ni kutoka.
Ongeza i, ndogo kama punje ya chumvi: kuhamia.
Sasa pana mahali pa kufikia.
Kukimbia ni miguu. Kukimbilia ni miguu na mlango.
Akauliza kama kila kitenzi kinaweza kupewa mlango.
Vingi, nikasema. Hata kufa.
Kufa, kufia.

Mama yangu alihama. Bila i.
Usiku, bangili nane ndani ya kopo la maziwa ya unga,
na mimi mgongoni, miaka mitatu.
Nimebaki na kitu kimoja: kizingiti cha saruji,
joto lake chini ya mapaja.
Mengine yote ni maneno yake,
na maneno ndiyo ninayouza kwa saa.
Shuleni hapa walituita Zinjibari;
huko, naambiwa, wangeniita Mmanga.
Lakini hilo halimo katika somo.

Methali anazipenda. Mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
"Jembe ninalo," akasema, akaipigapiga kompyuta,
"lakini linalima shamba la Rotterdam."
Nikacheka mpaka chai ikanipalia.
Mwanafunzi mzuri huyu. Sikuwa nimepanga kumpenda.

Kisha akatoa mkataba wa nyumba,
kurasa nne za Kiswahili cha wanasheria, nimsomee.
Vyumba viwili, bafu la nje,
dola mia saba kwa mwezi, miezi sita mkononi.
Mpangaji asikate minazi.
Mpangaji asipangishe mwingine.
Mipaka: mashariki, njia ya ufukweni;
kusini, hoteli;
magharibi, kisima cha marehemu Mwanakheri binti Haji Vuai.

Mstari huo niliusoma mara moja kwa sauti
na mara moja kimya.
Kina Mwanakheri ni wengi. Kina Haji ndio usiseme.
Lakini bibi yangu naye alikuwa na kisima,
na mama, siku zake za mwisho hospitali,
kila bilauri aliisukuma kwa mgongo wa mkono:
Si ya kwetu haya. Ya kwetu matamu.

"Nani huyu?" akauliza, kidole juu ya jina.
"Mpaka," nikamjibu.
Akaandika: mpaka.
Nikamwonya neno hilo lina maana mbili,
pale kitu kinapoishia,
na hadi.

Saa ikaisha. Akalipa, akavaa viatu,
akasahau kalamu, akarudi, akaisahau tena.

Wiki ya tatu zoezi limeingia kwenye simu, sentensi tano.
Nimehamia Bwejuu.
Nimemnunulia paka samaki.
Jirani amenipikia.
Watoto wananichekea.
Hapo sijui kama amekosea kauli
au kweli wanamchekea; nimeipa vema.
Ya tano haina mlango wowote:
Maji ya kisima yana chunvi.

Nimekaa na simu mapajani mpaka ndoo imefurika
na maji yamefika kwenye zulia.
Kisha nimesahihisha: chumvi, kwa m.
Ladha nimeiacha ilivyo.