Spika Isiyonitetea

Kalunde amezilaza tatu juu ya meza, kifudifudi,
sumaku zikiangalia bati la kibanda chake.
Ng'ambo, Tabora, saa nne asubuhi, umeme umekatika
na mimi nimekuja na gitaa langu la kulaza,
lile lisimamalo kwa miguu minne kama meza ya chakula,
lenye pedali tatu alizonichongea fundi wa karakana ya reli
kwa vyuma chakavu na waya za breki za baiskeli.

"Usinitajie wati," namwambia. "Nitajie zilikotoka."

Ya kwanza ilikuwa ya misheni.
Imehubiri miaka ishirini na sita,
karatasi yake imekakamaa.
Anaibonyeza kwa vidole vinne, polepole, ametega sikio:
koili inasugua. Kwaru. Kwaru.
"Hii imechoshwa na wokovu," anasema, anaisukuma kando.

Ya pili naijua kabla hajaigeuza.
Rangi ya kijani kwenye fremu, brashi ya baba yangu,
na tone moja lililokauka likiwa bado linateremka.
Ilikaa ndani ya kabati la bendi yao,
ikapanda malori hadi Urambo wakulima wakilipwa tumbaku,
na ilipochanika baba aliiziba kwa nta ya nyuki wa Sikonge.
Kidole changu kinaikuta nta.
Bado laini.

Umeme unarudi. Kalunde anaunganisha.
Nateleza chuma juu ya nyuzi
na sauti inatoka imeshaoga, imeshapakwa mafuta.
Nikikosea unywele mmoja, inanifunika,
inaninong'oneza: hakuna aliyeona.
Kalunde kafumba macho.
Mteja aliyeleta pasi yake kafumba macho.
Mimi tu nimekodoa,
maana nimemsikia baba mwanzo hadi mwisho
na mwenyewe sijajisikia.

Ya tatu, inchi kumi na tano, ya sinema
iliyofungwa nikiwa darasa la nne.
Inabebwa kwa mikono miwili na kwa kuguna.
Imefyatua risasi, imelia na mabibi harusi wa Kihindi,
imenguruma garimoshi kuliko garimoshi lenyewe,
na hata siku moja haikushika upande wa mtu.
Sumaku inampokonya Kalunde bisibisi.
Anapima: ohm nane. Ilizaliwa na nane.

Nakanyaga pedali, uzi unapanda.
Naachia, unashuka.
Na pale chuma kilipotakiwa kusimama juu ya alama
kikasimama pembeni, upana wa punje ya ulezi,
spika inasema: pembeni.
Haikaripii. Haicheki.
Narudia. Pembeni.
Narudia, jasho limenishika kwapani. Pembeni.
Narudia.

Hapo.

"Ile ya kijani ilikuwa tamu," anasema mwenye pasi,
na ni kweli, sibishi.
Asali nayo ni tamu,
lakini nani huonja chumvi ya mchuzi akiwa nayo mdomoni?

Laki na themanini, anataja. Laki na nusu, nasema.
Tunakutana njiani, kama kawaida, karibu zaidi na kwake.
"Na ya baba yako?"
"Ifunge kwenye redio. Isome habari."
Nalisema hilo nikiangalia mlango.
Yeye haniangalii pia. Anaifuta vumbi, anaiweka juu,
mahali ambapo haweki vitu vya kuuza.

Nimeifunga kwenye kiti cha nyuma kwa mpira wa tairi,
baiskeli ikainua pua njia nzima hadi Isevya.

Usiku Nyamizi anatafuta pini yake ya nywele,
kitandani, mkekani, ndani ya kikombe.
Ipo nyuma ya spika, imesimama wima kwenye sumaku,
ncha yake ikitetemeka kidogo
kwa noti niliyoiacha ikiisha yenyewe.
Anaing'oa. Anageuka.
Inamponyoka, inarudi.