Karata Yake Nani

Csongor aliniletea kijitabu chake mwezi wa Februari,
kurasa kumi na mbili, herufi ndogo kama ufuta.
"Kipitie tu," akasema, "pengine nukta hapa na pale."
Szeged ilikuwa imeganda, hata mto una ngozi.
Nikasoma sentensi ya kwanza mara tatu.
Chai ikapoa.

*Gawa karata kama kawaida.*

Kawaida ya nani, Csongor?
Kwetu bibi aligawa kuanzia kulia,
tatu tatu, halafu mbili,
na aliyelia karibuni ndiye aliyepewa kwanza.
Na huyu atakayenunua boksi lako stesheni,
mvua inamfukuza, zawadi ya mpwa wake,
naye ana bibi yake.

Ukurasa wa nne:
*Mchezaji akimla mwenzake, atampa karata yake.*
Nikaizungushia wino mwekundu.
Nani ampe nani? Yake ya nani?
Kihungari hakituokoi hapa; kineno kimoja
kinambeba mla na mliwa kwenye kikapu kimoja.
"Inaeleweka," akasema.
Nikamwuliza: na nani?
Akatazama dirisha.

Jumamosi tukawaita wanne wasiojua lolote,
stoo ya duka la baiskeli, harufu ya mpira na grisi:
Dezső, fundi saa aliyestaafu,
Piroska, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku,
Zalán wa miaka kumi na moja, na jirani yao
aliyefuata keki.
Csongor nikampa kiti pembeni, na amri moja:
funga mdomo.
Hutakuwemo ndani ya kila boksi.

Dezső alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari
kama anatafuta jino lililovunjika kwenye gurudumu la saa.
"Turufu ni nini?" akauliza Piroska.
Neno lilikuwa limeshapita mara kumi na moja;
maana yake ilikuwa ukurasa wa tisa, chini,
ndani ya mabano.
Csongor akauma mkono wa sweta.

Wakacheza dakika arubaini
mchezo ambao hakuna aliyeubuni:
mshindi alitoa, mshinde akapokea,
Zalán akawa tajiri kwa kushindwa, akicheka
mpaka karata zikamponyoka.
Kisha Piroska, kwa ule upole wa wodini:
"Samahani. Huu unaisha lini?"

Nje, kwenye theluji iliyochafuka,
Csongor alikaa kimya muda mrefu.
"Miaka sita nimewafundisha watu mwenyewe, mezani," akasema.
"Wakikosea, naweka kidole hapa, naweka hapa.
Sikujua kama nilikuwa nadanganya."

Tulianza upya kwenye meza yangu ya jikoni.
*Mpe kila mchezaji karata saba, moja moja.*
*Anza na aliye kushoto kwako.*
*Ukishinda mzunguko, chukua karata zote zilizo mezani.*
*Sasa ni zako.*
Hiyo *sasa* tuliigombania saa nzima.
Mimi nilitaka itoke. Ilibaki. Alikuwa sahihi.
Turufu ikahamia ukurasa wa kwanza, na picha yake.
"Bila shaka" tukaifuta popote ilipokuwa,
mara tisa, kila moja imekalia shaka.
Kile kichekesho cha mtawala na bata bukini
nilikikata nikamwona akimeza mate,
nikakirudisha, jalada la nyuma,
kwa herufi zake za ufuta.

Kurasa saba.

Jumamosi nyingine, stoo ileile, watu wengine.
Csongor kwenye kiti chake, mikono chini ya mapaja.
Msichana mwenye koti la njano, Boróka,
alivunja plastiki, akaweka karata kando,
akasoma bila kutikisa midomo.
Akafunua ukurasa wa pili.
Tukasubiri arudi wa kwanza, kama wote walivyorudi.

Hakurudi.
Akachanganya karata,
akamtazama aliye kushoto kwake.