Madole Gumba

Mimi ni fundi wa mashine, hapa Kibaigwa.
Ukinikuta nimelala chini ya kinu, miguu nje,
usinisemeshe mpaka nikaze nati ya mwisho.
Halafu keti kwenye gunia nikwambie
kwa nini kila nikifungua tumbo la mashine
natafuta kokoto kwanza.

Mama yangu, Nyemo, alibangua karanga Kongwa
kwa dole gumba.
Debe moja, senti thelathini.
Ukucha mgumu kama pembe ya mbuzi,
ganda linalia ta!, mbegu mbili kapuni,
na umbea wa Chibelela haujafika kwenye utamu
debe limeshajaa.

Mashine ilishuka Msagali na treni,
ikaja kwa lori, imefunikwa turubai
kama mgonjwa asiyetakiwa kuonwa.
Wanawake arobaini walisimama kuitazama,
arobaini na mmoja ukinihesabu mimi
niliyekuwa bado napiga mateke gizani.
Bwana mkubwa akaiwasha.
Ikala gunia zima
kabla Mbeswa hajamaliza kupiga chafya.

Siku ya tatu nyapara Senyagwa akatangaza:
debe ni senti kumi,
na kazi ni kuokota zilizoiponyoka mashine.

Hawakuichukia. Hilo mama alilirudia hadi kufa.
"Chuma hakidaiwi dukani," alisema.
"Sisi tulichukia hesabu."
Wakaenda ofisini na hesabu yao wenyewe,
vijiti vilivyofungwa kwa ukambaa:
kijiti cha chumvi, kijiti cha kaniki,
viwili vya kodi, kimoja kirefu cha uwele
kwa sababu mvua mwaka ule ilipita kama mgeni mwenye haraka.
Karani akavipokea kwa adabu,
akachemshia chai.

Kokoto za Kongwa, kama huzijui,
zina rangi ya karanga na ukubwa wa karanga.
Mungu alizimwaga kule,
sijui kwa kazi gani nyingine.
Kila mwanamke alibeba moja, kwenye pindo la kaniki.
Moja tu,
ili siku ya kuulizwa asipatikane wa kusema "ni yule."

Mashine ilikohoa. Ikasaga meno.
Ikasimama.
Vumbi likatua polepole kwenye kofia ya bwana mkubwa
na katika ukimya ule, mama anadai,
nilicheza tumboni mpaka akashika nguzo.

Askari wakaja kutoka Mpwapwa na kidau cha wino.
Maelezo arobaini, yote mamoja: *sikuona kitu*.
Chini, weka dole.
Wakaweka.
Hakuna mstari. Hakuna duara.
Madoa arobaini meusi, laini, ndugu wa baba mmoja.
Askari akamsugua Chibelela dole kwa mchanga,
akalibana tena kwenye karatasi. Doa.
"Nyie wanawake hamna alama?"
"Tulikuwa nazo," akasema Chibelela.
"Zimo kwenye magunia yenu.
Zilishapanda meli."

Sitakudanganya kwamba walishinda.
Baada ya wiki mbili mashine ilikohoa tena, ikaendelea.
Senti kumi zikawa kumi na mbili.
Kumi na saba hawakuitwa tena kazini,
na mama, mwenye tumbo la miezi minane, alikuwa wa kwanza.

Ndiye aliyeuza mbuzi wawili
kuninunulia spana ya kwanza.
Alinishika dole gumba, akaligeuza juani,
akaliangalia muda mrefu.
"Bado una mistari," akasema. Basi.

Jana tajiri ameniita sokoni.
Kuna mtambo mpya wa kupepeta mahindi,
mimi ndiye wa kuufunga.
Kina mama wa nyungo wamekaa getini
wananitazama nikipita na sanduku langu la vyuma.
Mmoja akauliza, taratibu, kama anauliza saa:
"Fundi, na sisi utatupepeta?"

Nimeufunga vizuri. Kila nati.
Sijui kufanya kazi mbovu.
Ila kokoto ya mama ninayo, hapa, mfuko wa shati,
na leo imekuwa nzito.