Rangi ya Migomba

Setilaiti ilipita mara mbili:
kabla ya tetemeko, na siku ya sita baadaye.
Haihitaji mwanga; mawingu ya ziwa haiyajali.
Hutuma mwangwi, husikiliza, huyo inakwenda.

Ofisini Isamilo naweka picha juu ya picha.
Palipotulia peusi,
palipobadilika pekundu.
Ng'ambo ya ziwa, kijiji cha shangazi Kokushubila
chekundu chote, kama kidonda kilichotoneshwa.

Nikapiga simu nikiwa nimesimama.

"Jiko limelala. Nyumba ina ufa,
mkono unazama hadi kiwikoni.
Lakini kijiji kizima? Nani kakwambia?"

Ni migomba, shangazi.
Majani hayakai yalivyoachwa.
Upepo ukiyagusa, mtambo hudhani ni maafa.

Akacheka, kidogo, kwa puani.
"Basi uambie huo mtambo wako
migomba iko wima na mikungu yake.
Aliyeanguka ni Rwechungura,
alikuwa jikoni, anachochea kuni.
Umemwona?"

Nikakuza ramani mpaka ikawa vijisanduku.
Kimoja hubeba mita ishirini za nchi.
Jiko lile lilikuwa hatua tano.

Nikachukua kalamu ya risasi.