Kadi

Umeme umekatika tena hapa Himbi.
Nimeisogeza hadubini dirishani,
jua la saa tisa linanitosha.
Tone la damu ya Kavugho, dada yangu,
limekauka juu ya kioo, limekunywa rangi.
Na huyu hapa ninayemtafuta:
mnene kuliko ndugu zake,
tumboni kajaza punje za zambarau.

Wanamwita muuaji wa kuzaliwa.
Hangoji amri, hakusomeshwa sura ya adui.
Huzunguka nyumba kwa nyumba,
anapapasa kila ukuta,
swali lake moja: kadi iko wapi?

Seli yenye afya huinyoosha nje ya mlango.
Haya. Anapita.
Ila iliyovamiwa na virusi huificha kadi,
isije ikamtaja aliyelala ndani,
na ile ya saratani imeshaitupa zamani.
Basi akikosa kadi, na ukuta ukitoka jasho la homa,
anaegemea.
Anakaza.
Anatoboa tundu lisilo na mlio,
anapenyeza punje zake,
na seli inaanza kujibomoa yenyewe,
inajifunga vifurushi vifurushi
kama mtu anayehama usiku asiwaamshe majirani.
Mwenyewe hayupo tena. Yuko mlango wa pili.

Nilimweleza Kavugho haya kitandani.
Alicheka, akashika titi lenye uvimbe, akacheka tena.
"Kumbe mimi ningekufa pale kwenye barieri!
Kadi yangu ya uchaguzi iliungua na nyumba,
siku ile mlima ulipomwagika.
Askari aliniangalia usoni, kisha tumboni,
nilikuwa na mimba ya Muhindo, miezi saba.
Akafungua kamba."

Sikumwambia kwamba hata hawa,
wakifika kwenye mji wa mimba,
hujazana kumzunguka mgeni
mwenye nusu ya sura ya baba,
sura ambayo mwili wa mama hauijui,
na mikono ile ile ya kutoboa
hushika kazi ya kupanua mishipa,
damu ipite, mgeni ale.
Kwa nini, sijui vizuri.
Kitabu changu kilikuwa na kurasa mbili tu juu ya hilo,
moja ililowa.

Nimehesabu mia moja.
Wao ni wanne.
Naandika: nne.
Nafuta kioo kingine kwa upindo wa koti.
Nje chukudu linateremka na magunia ya viazi,
linagongagonga juu ya mawe meusi,
na mwenye nalo anapiga kelele watu wapishe.