Saa Kumi na Nusu

Siku jina la mdogo wangu Kasereka lilipotoka,
ukoo mzima ulimwagiwa poda kichwani,
hata mimi niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na tano
nikacheza barabarani na nywele nyeupe
kana kwamba nami nimefaulu.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nawaka.
Kulipokucha nikauza redio,
nikanunua daftari nne, kalamu za rangi tatu,
nikachora ratiba kwa rula:
Jumatatu aljebra, Jumanne Kifaransa,
Jumatano aljebra tena kwa sababu ya hofu.
Nikaibandika ukutani kwa ugali wa jana.
Nikawatangazia watu wa Majengo, mmoja mmoja,
kwamba mwakani mimi Paluku, msukuma chukudu,
nitakaa kwenye mtihani wa taifa.

Siku tisa.
Siku tisa niliamka kabla ya jogoo wa jirani.
Ya kumi ilinyesha.
Ya kumi na moja nilipeleka saruji Ndosho, mgongo ukagoma.
Ya kumi na mbili nikasema kesho,
na kesho, kama mtu ninayemdai,
ikapita njia ya nyuma.

Panya walikula ratiba kuanzia Jumatatu.
Walifuata ugali, siwalaumu.

Nyumba yetu imekaa juu ya moto wa zamani.
Mwaka ule mlima ulipomwagika hadi mjini,
ulikuja mwekundu, kila mtu aliutazama,
hakuna aliyeweza kuutumia.
Leo ni jiwe jeusi linalochana ndala,
hakuna anayelitazama,
na ndilo tunalolichonga kwa nyundo tukajengea ukuta.
Sitaki kufanya methali hapa.
Nilikuwa nimechoka tu,
na nilikuwa nimelikalia.

Kavira, mke wangu, hukaanga mandazi.
Saa kumi na nusu hufukua makaa
aliyoyalaza kwenye majivu usiku,
huyapuliza, hukohoa, huendelea.
Nikamuuliza: siku ambayo huna moyo, unafanyaje?
Hakuinua uso kutoka kwenye unga.
"Moyo? Hunikuta nimeshaanza."

Basi nikakaa kando ya mbabula yake.
Hakuna ratiba. Ukurasa mmoja.
Siku nyingine hesabu moja, tena nimekosea.
Kurasa zikanuka mafuta, nikaacha kujihesabia siku,
na siku, kwa kuwa hakuna aliyezihesabu,
zikaongezeka.

Lakini mwezi wa nne nikaota magamba.
Nilisoma kama anayelipa faini.
Mtoto akikohoa, nafoka.
Asifiwe akitaka kuonyeshwa herufi, namwambia baadaye
kwa sauti ya marehemu baba yangu.
Niliamka kila siku, ndiyo, kila siku,
na sikukumbuka tena ni kwa nini.

Jumapili moja natafuta noti ya mia tano
kwenye mfuko wa koti la siku ile.
Noti haikuwamo. Kulikuwa na poda,
kidonge kidogo kilichoganda na uzi.
Nikanusa.
Kasereka akarudi akipiga kelele, mama akarudi,
akiwa hai bado, akinishika masikio kwa mikono myeupe:
"Na wewe? Na wewe?"

Sikusoma siku hiyo.
Nilimpakia Asifiwe kwenye chukudu,
nikasukuma mlima mzima, jasho likinichoma macho,
halafu tukageuza, nikaweka goti juu ya ubao,
tukashuka tukipiga mayowe, kuku wakikimbia.
Chini akasema, "Tena."
Kwa hiyo nikasukuma tena.

Poda nimeiacha mfukoni. Sitainusa kila siku,
itaisha harufu.

Mtihani bado wiki saba. Sijui.
Logaritimu bado zinanicheka.
Leo nimechelewa, saa kumi na dakika hamsini,
nimesimama mlangoni na daftari kama mwanafunzi mwenye kosa.
Kavira hakusema neno.
Alisogeza kigoda kwa mguu,
akageuza mandazi.