Mashine ya Saba Bado Inazunguka

Tangazo lilisema: Chuma Baridi, mara ya mwisho.
Ijumaa saa moja jioni, kwa dobi Maarika.
Kila mtu aje na kiti chake.

Nikachukua stuli ya jikoni,
ile yenye mguu mmoja mfupi,
nikaiburuta juu ya theluji mitaa mitatu
kama mbuzi asiyetaka mnada.
Valga, mwezi wa pili: baridi inauma hadi kwenye kope.
Ng'ambo ya barabara ni nchi nyingine,
na hata huko walitoka wawili
na mkate wa kisibiti umefungwa gazetini.

Ndani, mvuke na harufu ya sabuni.
Mashine kumi na moja zimetukodolea macho ya kioo.
Pale pa meza ya kukunjia shuka wamesimama wao:
Leho na gitaa la besi, tumbo limemtangulia,
Urve na kodiani yake iliyotiwa viraka,
Taavi wa fidla, hatazami mtu,
Ülo na ngoma mbili tu, kiwiko kimefungwa bandeji.
Watu ishirini na saba. Niliwahesabu
maana mwenye haya hutafuta kazi ya macho.

Haya za nini? Basi niseme.
Miaka kumi na tisa nimelala juu ya chumba chao cha mazoezi.
Jumanne na Alhamisi sakafu inatetemeka,
vikombe vinasalimiana kabatini,
nami naugeuza ufagio kichwa juu,
nagonga kwa mpini:
ko. ko. ko.
Wananyamaza. Wanaanza tena.
Manispaa niliiandikia barua nne,
moja kwa wino mwekundu.
Kaljo alikuwa akisema, Waache, Helmi, ni kelele za watu wazima,
watachoka.
Akachoka yeye.
Nikaendelea kugonga. Nyumba ilihitaji
mtu wa kugombana naye.

Sasa chumba kimeuzwa, kitawekwa matairi.
Leho anahamia Tampere kwa bintiye.
Kiwiko ni kiwiko.
Hakuna aliyetoa hotuba.
Walipiga tu, na mashine ya saba
ilikuwa bado inakausha blanketi la mtu fulani,
gudu, gudu, gudu,
Ülo akaacha kuhesabu, akaifuata.

Wimbo wa tano. Urve akafuta miwani.
"Huu haukupata jina," akasema. "Una pengo."
Wakaanza taratibu. Niliujua!
Niliujua kwa nyayo, kwa goti, kwa vikombe,
sikuwahi kuujua kwa masikio.
Ukapanda, ukapanda,
ukakatika.

Kimya.
Wanne wote wamenigeukia.
Mashine inazunguka. Mtu anakohoa.
Na mimi sina ufagio,
nina miaka sabini na mbili na uso unaowaka.
Nikainuka kidogo, nikaketi,
mguu mfupi ukagonga saruji:
ko.
Tena: ko.
Nikavuta pumzi.
Ko.
Na wimbo ukaingia kwa nguvu, kama mlango
uliokuwa ukisukumwa siku zote kutoka upande wa pili.

Baadaye kulikuwa na chai, na ule mkate.
Akaja kijana wa chuo, theluji mabegani,
kufuata blanketi lake; akauliza, Kuna nini hapa?
Hakuna aliyejua aanzie wapi.
Leho akalitoa, la moto, akashika pembe mbili,
akanipa mbili.
Tukalinyoosha, tukakunja, tukasogeleana,
tukakunja tena,
hadi vidole vyake vyenye sugu vikagusa vyangu.

"Ule wa tatu," akaninong'oneza,
"miaka yote hiyo ulikuwa unauchelewesha."

Najua, nikamwambia.
Mkono ulikuwa unachoka.